Kimya, Umeme na Gunia

Jumatatu, 3 Machi

Mvua zimeanza na ubishi umeanza. Sijui kipi kitawahi kwisha.

Nilikuwa nimepanga jioni ya leo iwe ya kazi. Ukumbi wetu uko ghorofani, juu ya duka la mbao, na paa linavuja upande wa dirishani. Tukakunja mikeka ya upande huo, tukabanana upande mkavu tukisubiri mvua ipungue. Watu wazima wakibanana bila kazi, huongea. Mlinzi wa benki, ambaye ndiye mwanafunzi wangu mzito kuliko wote, akauliza: Umeme na Kimya wakikutana kweli, bila kamera, nani angebaki amesimama? Darasa langu la judo likaishia hapo.

Naandika haya ili nikizeeka nijue kilichonizeesha. Umeme ni yule nyota wa filamu mwembamba kama ufito, anayerusha mateke mfululizo kabla hujapepesa jicho. Kimya ni yule mwenye shingo nene asiyesema neno tangu filamu inaanza mpaka inaisha. Wanasema kabla ya kuigiza alikuwa bingwa wa kweli ulingoni. Wa tatu ni Mcheshi, anayepigana kwa ngazi, viti na mapazia, na hujitupa mwenyewe kutoka juu ya mapaa. Majina hayo wamepewa na watazamaji. Mlinzi ni wa Umeme. Muuguzi, mwanamke mwepesi na mkali ambaye ningekuwa na wengine wawili kama yeye nisingelalamika, ni wa Kimya.

"Hakuna hata mmoja," niliwaambia. "Wale ni waigizaji. Anayepigwa anajua atapigwa wapi na lini."

"Lakini Mwalimu, lile teke la darajani uliliona?" Mlinzi akauliza.

"Nililiona. Na yule aliyepigwa nilimwona pia. Alianza kuanguka mguu haujamfikia."

Wakacheka. Mdogo wangu alikuwa amekaa ukutani akijifunga plasta kidoleni, naye akacheka, ila kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Wanafunzi wanne. Umeme na Kimya mpaka wakati wa kufunga.

Ijumaa, 7 Machi

Mama Mbao, mwenye jengo, amepanda ngazi leo. Hapandi bila jambo. Alisimama mlangoni mwavuli unamchuruzika, akatukuta tumekaa duara, Mlinzi yuko katikati akionyesha kwa mikono jinsi Kimya anavyovunja kiwiko.

"Mwalimu, hawa wanajifunza au wanapiga soga?"

"Tunapumzika, mama."

"Kila nikisikiliza huko chini mnapumzika." Akatazama mikeka, akatazama dari. "Mbao zangu zinalowa. Maji yanaingia dukani toka barabarani, na huku juu mna nafasi kubwa namna hii, mmekalia. Nataka nizipandishe."

Nikamwambia darasa hili lina miaka mingi kuliko hizo mbao. Akasema ndiyo maana anauliza kwa adabu. Mwisho tumeafikiana hivi: Jumamosi ya tarehe kumi Mei tufanye maonyesho, aje na watu wake, aone. Akiona kuna kitu, tutabaki. Asipoona, mbao zitapanda.

"Nipe sababu ya kuziacha zilowe," alisema akishuka. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

Jumatatu, 10 Machi

Nimewapangia kila mtu sehemu yake. Muuguzi ataonyesha kujinasua. Mlinzi atashika watu, kwa kuwa kushika ndiko anakokuweza. Mimi na mdogo wangu tutafunga maonyesho, kama kawaida yetu.

Nieleze kawaida yetu. Tangu tulipofungua, kila mbwago ninaofundisha nauonyesha kwa kumbwaga yeye. Nambeba begani, nambeba nyongani, nambwaga. Anaruka hewani mzima mzima, miguu inapita juu ya kichwa changu, anapiga mkeka kwa mkono na ukumbi mzima unaitika. Mtu mpya akiona hivyo mara moja, kesho yake anarudi na koti la judo. Kwa kazi yake ni fundi rangi, ila hapa wote wanamwita Gunia, maana ndiye ninayembwaga. Hajawahi kulalamika.

Jumatano, 12 Machi

Leo ubishi umechukua sura mpya. Muuguzi anasema Umeme hana uzito. Teke lake likimkuta mtu kama Mlinzi, Umeme ndiye atakayerudi nyuma. Mlinzi anasema kamera haiongezi kasi. Nikamwambia inaongeza, wanarekodi pigano polepole na kulionyesha haraka, mtoto mdogo anajua. Nikawaambia na ubingwa wa Kimya tuuchunguze: alimshinda nani? Bingwa hupimwa kwa aliowashinda.

Hapo Gunia akatia neno, yeye ambaye huwa hatii. "Mimi nyota huwa simtazami. Namtazama anayepigwa."

"Unamtazama wa nini?" Mlinzi akamuuliza.

"Ndiye anayefanya kazi."

Nikasema kama ndiye anayefanya kazi basi twendeni tukafanye na sisi. Hakuna aliyeinuka.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua ya mawe. Paa limepata tobo la pili. Ndoo mbili sasa.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemwambia mke wangu kwamba wanafunzi wangu wanajua urefu wa Kimya na kazi ya mama yake Umeme, lakini hawajui waweke wapi mguu wa kushoto. Alikuwa anashona kola ya koti la Muuguzi. Akasema, "Kwani wanapobishana wewe unafanya nini?"

"Nawakataza."

"Kwa maneno mangapi?"

Kweli huwa nawakataza kwa maneno mengi.

Jumatatu, 31 Machi

Nimechelewa kuandika kwa sababu ya hasira.

Gunia hakuja leo. Amepata kazi ya ndani, kupaka kuta za zahanati, na msimu huu fundi rangi akipata kazi ya ndani haiachi. Sikumlaumu. Nikasema basi leo tutafanya bila yeye.

Tukaanza vizuri. Halafu Mlinzi, ambaye mdomo wake haujui mlango, akasema hivi: "Mwalimu, unasema Umeme hajawahi kupigana na mtu asiyemjua. Na wewe mbona siku zote unambwaga Gunia tu?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kama anavyouliza kila kitu. Lakini Muuguzi akainama kufunga mkanda ambao ulikuwa umeshafungwa.

"Njoo," nikamwambia.

Akaja. Nikamshika koti, nikaingiza nyonga, nikavuta. Ule mbwago mkubwa, wa kufungia maonyesho, ambao nimeufanya mara zisizo na idadi. Mlinzi hakwenda popote. Si kwamba alipinga. Alisimama tu. Nikavuta tena. Nikahisi goti langu la kulia linanong'ona. Nikabadili, nikaingia kwa bega, naye akajikuta ananiegemea mgongoni kama mtu anayesubiri basi na kuegemea nguzo.

"Nifanye nini, Mwalimu?" akauliza kwa upole. "Niende wapi?"

Niende wapi! Nikasema mkeka umeloa, mguu unateleza. Nikawafungia darasa mapema. Ngazini nilisikia mtu anacheka na mwingine anamwambia anyamaze. Huyo aliyemnyamazisha ndiye aliyeniumiza zaidi.

Jumatano, 2 Aprili

Mkeka haukuwa umeloa.

Jumatatu, 7 Aprili

Gunia bado yuko zahanati. Darasani hawabishani tena juu ya Umeme na Kimya. Wananiheshimu. Heshima ya namna hii sijawahi kuiona, wanafanya kila ninachosema na hawanitazami usoni. Kumbe ubishi ulikuwa afadhali.

Jumatano, 9 Aprili

Nimemwita mdogo wangu aje mapema kabla ya wengine. Alikuja na rangi nyeupe kwenye nyusi. Ndoo zilikuwa zinadondokewa, tone huku, tone kule.

"Shika koti," nilimwambia. "Tufanye ule mbwago wa kufungia. Ila leo usiruke."

"Kaka?"

"Umenisikia. Usiruke."

"Una hakika?"

Swali hilo lilitosha, lakini mimi ni mbishi. Nikaingiza nyonga, nikavuta kwa nguvu zote nilizopewa. Mdogo wangu, ambaye ni mwepesi kuliko Mlinzi, ambaye huwa anapaa juu ya kichwa changu kama nguo inayokung'utwa, alibaki amesimama palepale. Miguu yake haikusogea. Nilijaribu tena. Mara ya tatu sikujaribu kwa ajili ya judo, nilijaribu kwa hasira, na bado.

Nikamwachia. Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu ulipoumia goti," akasema. "Daktari alikwambia usibebe. Ukaja vilevile, ukanibeba. Nikaona unaumia, nikawa naruka kidogo kukupunguzia. Ukafurahi. Basi."

"Goti limepona siku nyingi."

"Ndiyo. Nami nikasahau kuacha." Alifikicha rangi kwenye nyusi. "Si kwamba hujui, Kaka. Unajua. Ila ukizoea mtu anayeruka, unaacha kuvuta."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia amenifanya kikaragosi. Nilimwambia afadhali angeniacha nianguke siku ileile mbele ya watu kuliko kunibeba miaka yote bila kunijulisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua koti lake, akashuka. Hakufunga mlango kwa kishindo, na angekuwa mimi ningeufunga.

Wanafunzi walipofika niliwafundisha kushika kola. Muuguzi akauliza Gunia yuko wapi. Nikasema ana kazi.

Ijumaa, 11 Aprili

Hakuja.

Jumatatu, 14 Aprili

Hakuja. Mvua ni ileile. Mama Mbao ametuma mtu kupima upana wa ngazi.

Jumanne, 15 Aprili

Nimemweleza mke wangu yote. Nilitegemea atashangaa. Akaendelea kukata uzi.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Mkuki kwa nguruwe," akasema. Hakumalizia, na haikuhitaji. Wiki zote hizi nimekuwa nikiwaambia watu kwamba wanaopigwa na Umeme wanaanguka wenyewe.

"Na wanafunzi?"

"Wale wa zamani wanajua wote. Baba watoto, unadhani wanamwita Gunia kwa kumdharau yeye? Gunia halijitupi lenyewe, na huyu hujitupa. Wanataniana wao kwa wao, wewe ukiwa unacheka nao."

Nyani haoni kundule. Nilitoka nikasimama barazani nikatazama mvua. Hasira ilikuwepo lakini haikuwa na mtu wa kumkalia. Kilichokuwa kinaniuma ni aibu.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo nimefanya jambo la ajabu. Nimeazima filamu ya Kimya kwa Mlinzi, nikaitazama peke yangu. Sikumtazama Kimya. Nikawatazama wanaoanguka.

Kuna mmoja mwenye kipara. Anapigwa mwanzoni kwenye ghala, anaanguka juu ya masanduku. Anavalishwa kofia, anapigwa tena sokoni, anaanguka ngazi nzima, kichwa kikiwa mbele. Mwishoni wamembandika ndevu na anapitia dirishani. Kila mara anageuza bega wakati unaotakiwa, anakunja kidevu, mkono unafika chini kabla ya mgongo. Nikarudisha nyuma nikahesabu makosa yake. Sikuona. Kimya mwenyewe ana makosa, mguu wa nyuma anauinua kisigino kila akipiga. Bila yule kipara Kimya angekuwa mtu mnene anayesukuma hewa.

Nikatazama majina yanayopita mwishoni. Yalikwenda kasi mno, sikulipata lake.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimekwenda zahanati. Gunia alikuwa juu ya ngazi, anapaka dari ya chumba cha sindano. Nilisimama chini na mwavuli wangu nikiwa sijui nianzie wapi, nikasema, "Umeacha pale kwenye kona."

"Huo ni mkono wa kwanza, wa pili utapafunika."

"Haya."

Akaendelea kupaka. Nikamwambia, "Nimemwona yule kipara wa Kimya."

Brashi ikasimama. "Wa kwenye ngazi?"

"Wa kwenye ngazi."

"Huyo," mdogo wangu akasema, akageuka kwa mara ya kwanza, "huyo anajua."

Tukaongea juu ya yule kipara kwa muda, jinsi anavyokunja kidevu. Halafu nikasema nilichokwenda kusema. Nilimwambia maneno ya siku ile niliyasema kwa aibu na si kwa haki, na kwamba naomba radhi. Na nikamwambia kwenye maonyesho nataka anibwage yeye.

Alishuka ngazi polepole. "Kaka, mimi sijambwaga mtu tangu tukiwa wadogo."

"Basi tutajifunza wote. Mimi sijaanguka tangu goti."

Ni kweli. Nimewafundisha watu kuanguka miaka yote hii nikiwa nimesimama.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimeanguka vibaya.

Jumatano, 23 Aprili

Nimeanguka vibaya tena. Mvua. Gunia anasema nashika pumzi.

Ijumaa, 25 Aprili

Kumbe kuanguka kunatisha. Kichwa kinajua, mwili unakataa. Katikati ya safari mwili unataka kurudi ulikotoka. Gunia ananiambia nitazame mkanda wangu. Namtazama yeye. Ananiambia tena. Nilikuwa karibu kumwambia mimi ndiye niliyemfundisha hayo, nikakumbuka kwamba ndivyo, na kwamba ameyashika kuliko mimi.

Kiwiko kimevimba. Mke wangu amenikanda bila kusema kitu, ila mabega yake yalikuwa yanatetemeka kwa kicheko.

Jumatano, 30 Aprili

Sasa naanguka vizuri kiasi. Tatizo jipya ni yeye. Anaingia vizuri, nyonga iko mahali pake, lakini akifika katikati analegea. Ananishusha kama mtu anayeshusha kikapu cha mayai. Nikamwambia amalize. Anasema amemaliza. Nikafoka. Akalegea zaidi.

Jumatatu, 5 Mei

Analegea bado. Anaogopa goti langu. Wanafunzi wameshajua mpango, na wameanza kubishana tena, safari hii kimyakimya. Mlinzi anasema Gunia hatanibwaga, hataweza, ni ndugu. Nilisikia nikiwa nyuma ya mlango. Anachosema ni kweli na kinaniudhi.

Mama Mbao ameweka mbao za kwanza kwenye kona ya ngazi. Anasema ni za muda.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeamua. Akilegea, nitaruka mimi. Ameruka kwa ajili yangu miaka yote hii, nikiruka kwa ajili yake mara moja mbele ya Mama Mbao nitakuwa sijalipa hata robo. Sitamwambia. Nimejifunza kwa siri kwenye chumba cha kulala, kitandani, mpaka ubao mmoja umepasuka. Mke wangu ameuliza. Nimesema ni wa zamani.

Jumamosi, 10 Mei

Mgongo unauma, naandika nimesimama.

Mama Mbao alikuja na dada yake, wajukuu na fundi wake mkuu wa mbao, aliyekuja na futi ya kupimia mfukoni. Mvua ilikuwa ya rasharasha tu, lakini ndoo tuliziacha kwa tahadhari. Muuguzi alijinasua kwa watu watatu, na wajukuu wakapiga makofi. Mlinzi aliwashika wote waliotakiwa kushikwa. Mama Mbao alikuwa anatazama dari.

Ikafika zamu yetu. Nilipopiga magoti kwa salamu upande ambao huwa anapiga mdogo wangu, nikasikia minong'ono. Wanafunzi wa zamani walikuwa wananyoosha shingo. Mama Mbao akamuuliza Muuguzi kwa sauti ambayo haijui kunong'ona, "Si Mwalimu ndiye anayebwaga?" Muuguzi akamwambia subiri.

Tukainuka. Akanishika kola na mkono wa koti. Mikono yake ilikuwa na baridi. Niliweka uzito wangu kwenye vidole vya miguu, tayari kwa safari.

Akanisogelea sikioni. "Kaka," akasema, "usiruke."

Nilikuwa nimeamua kuruka hata hivyo. Sikupata nafasi.

Sijui aliingia saa ngapi. Miaka yote hiyo alikuwa chini akiutazama ule mbwago kutoka upande ambao mimi sijawahi kuuona, na akajua kila mahali ninapokosea. Hakulegea. Nililiona dirisha, nikaiona ndoo, nikaziona nyuso za wajukuu juu chini, nikakumbuka mkanda, na mkono wangu ukapiga mkeka kabla ya mgongo. Vumbi lilitoka kwenye nyufa za sakafu likashuka dukani.

Mwanzoni hakuna aliyepiga makofi. Mdogo wangu alikuwa ameniinamia, uso umemsawijika kwa hofu. "Goti?" akauliza.

"Zima," nikasema. "Nipe mkono."

Hapo ndipo walipopiga. Mama Mbao aliinuka, akaja mpaka kwenye mkeka na viatu vyake, na sikumkataza.

"Huyu fundi rangi," akasema, "atakuwa anafundisha?"

Niliona mdogo wangu anataka kunitazama. Nikawahi kujibu kwamba atafundisha.

"Basi mbao nitazifunika turubai." Akamgeukia fundi wake. "Rudisha hiyo futi dukani."

Jumatatu, 12 Mei

Leo hakuna mvua. Tumetandika mikeka mpaka dirishani. Amekuja mtu mmoja mpya, ameuliza Mwalimu ni yupi, nikaona wanafunzi wanatazamana. Mlinzi akasema, "Wako wawili."

Nilikuwa bado siwezi kuinama, kwa hiyo nilikaa ukutani, pale anapokaa mdogo wangu. Yeye alikuwa katikati anamwonyesha Muuguzi pa kuweka nyonga, kwa sauti ya chini, akisema samahani kila baada ya neno. Itabidi nimwambie aache samahani.

Wakati wa kupumzika Mlinzi hakujizuia. "Haya Mwalimu, leo utujibu. Umeme, Kimya, Mcheshi. Wakikutana kweli, bila kamera, nani angebaki amesimama?"

Nilifungua mdomo kuwakemea. Nikasikia nasema, "Mdogo wangu."

Wakacheka sana, wakidhani natania. Yeye pia alicheka, akainama kujifunga plasta kidoleni.